Kukausha Maua ya Sukari Wakati wa Mvua

Najua wengine mtacheka kumwona kijana wa kidato cha sita akiandika habari za maua ya keki. Lakini karo yangu hutoka katika keki anazooka mama yangu, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Likizo ya Aprili, wakati mawingu ya Mlima Elgon hayatuachi hapa Mbale, mama alipata kazi ya keki ya arusi. Dada yangu nami tukafinyanga maua arobaini kwa sukari ya unga, jelatini na maji kidogo. Zilibaki siku tatu, na maua bado laini. Nikajiona mwerevu, nikayapeleka jikoni karibu na sufuria iliyokuwa ikichemka. Baada ya saa moja nusu yake yalikuwa yamelegea na kushikamana. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko shuleni hamfundishwi mvuke ni nini?" Swali hilo liliniuma kuliko fimbo.

Basi nikafikiri. Ua hukauka maji yake yanapotoka na kuingia hewani. Hewa iliyokwisha jaa mvuke haiwezi kuyapokea, hata ikiwa ya moto. Tena sukari yenyewe huvuta maji ya hewani. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilianza mwaka 1930. Na katika viwanda vya namna hiyo sukari hukaushwa kwa hewa ya moto inayopita kati ya punje. Kumbe kinachotakiwa ni hewa kavu, nayo iwe inatembea.

Haya ndiyo tuliyofanya:

1. Tulikanda kwa maji machache, tukafanya kila petali nyembamba. Ua nene hukauka nje, ndani likabaki bichi.

2. Tuliyapanga juu ya wavu, si juu ya sahani, ili hewa ipite chini pia.

3. Tuliyaweka chumbani, mbali na jiko, feni ikipuliza polepole. Usipokuwa na umeme, tumia joko lililokwisha zimwa, mlango ukiwa wazi kidogo. Mkono wako ukishindwa kukaa ndani, maua nayo yatageuka rangi.

4. Tuliyageuza kila yalipoanza kushika.

5. Yaliyokauka tuliyatia katika kopo lenye kifuniko. Usiyaweke katika friji, maana ukiyatoa maji hutanda juu yake.

Ijumaa jioni niligonga petali moja kwa ukucha, ikalia kama kigae. Keki ikaenda arusini, na karo ikalipwa.

Ndugu zangu, habari za mvuke nilikuwa nimezijibu vizuri katika mtihani, lakini jikoni kwa mama nilizisahau. Naomba ninyi msisahau.