Hesabu za Mbinguni Zikikosa Kulingana

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi za kundi la Coma. Zilikimbia mno, uzito wa vinavyoonekana haukutosha kuzishika pamoja. Akasema kuna maada ya giza, yaani kitu chenye uzito kisichoonekana. Leo inakadiriwa kuwa kama mara 5 ya maada ya kawaida, lakini hakuna chombo kilichoinasa. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom akauliza: je, kama kosa liko kwa kanuni yetu ya uvutano?

Yote mawili yamewahi kutokea. Uranus ilipoyumba njiani, hesabu zikaelekeza kwa sayari isiyojulikana, na Neptune ikapatikana 1846. Zebaki nayo ilipoyumba, wakatafuta sayari nyingine, wapi! Mwaka 1915 Einstein akarekebisha kanuni yenyewe.

Nilisomea biashara. Vitabu visipolingana, mhasibu mwaminifu huandika tofauti hiyo wazi, kisha anaendelea kutafuta.

Kwa hivyo tusishangilie eti, "Sayansi imeshindwa, basi Mungu yuko!" Pengo hilo likizibwa kesho, kijana tuliyemfundisha hivyo atashika nini? Imani yetu imesimama juu ya Kristo aliyefufuka, si juu ya pengo. Someni Ayubu 38 hadi 40 nyumbani: Mungu anauliza habari za nyota, Ayubu anafunga mdomo. Na mtoto wako akitaka kusoma fizikia, mwombee, halafu umlipie karo.