Ziwa Lililozaliwa na Moto: Safari ya Familia Kwenda Crater Lake

Binti yetu alirudi kutoka shuleni mwezi wa tano akiwa na habari. "Mama, mwalimu amesema sisi wa darasa la nne tunaingia hifadhi za taifa bure pamoja na familia. Twende Crater Lake. Ni ziwa ndani ya volkano!"

Mama mkwe wangu alikuwa anachambua maharage. Akasimamisha mkono. "Volkano? Sisi tuliikimbia na masufuria kichwani, leo ninyi mnatia mafuta kwenye gari muifuate?"

Hakuna aliyecheka. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka, na moto wake ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ukaingia Ziwa Kivu. Bibi alivuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi. Aliporudi, mahali pa nyumba yake palikuwa jiwe jeusi, bado la moto. Kwa hiyo tulikubaliana hivi: kwanza tujifunze ziwa hili ni nini, ndipo Bibi aamue. Tuliyojifunza ndiyo somo la mwezi huu.

Ziwa lilivyozaliwa

Crater Lake iko kusini mwa jimbo la Oregon. Zamani hapakuwa na ziwa. Palikuwa na mlima mkubwa ambao leo unaitwa Mazama, wenye urefu wa karibu mita 3,700. Miaka kama 7,700 iliyopita mlima huo ulilipuka kwa nguvu sana. Ulipokwisha kutapika moto na majivu, chini yake pakabaki patupu, na kilele kikaanguka ndani. Fikiria paa la nyumba ambayo nguzo zake zimetolewa.

Shimo lililobaki likajazwa na theluji na mvua tu. Hakuna mto unaoingia, wala hakuna mto unaotoka. Maji hupungua kwa kugeuka mvuke na kupenya polepole kwenye miamba. Kwa kuwa hakuna mto wa kuleta matope, maji ni safi mno, na ndiyo maana yana rangi ya buluu kali: mwanga wa jua unapoingia kwenye maji safi yenye kina, rangi nyingine humezwa, buluu ndiyo inayorudi machoni. Kina chake ni mita 594. Hakuna ziwa lenye kina kikubwa zaidi katika Marekani yote.

Na Kivu je?

Watoto wengi wetu wanasikia kwamba Kivu nayo ni ziwa la volkano. Ni kweli kwa sehemu. Kivu haikuzaliwa ndani ya shimo la mlima. Ni ziwa la Bonde la Ufa. Zamani maji ya bonde lile yalielekea kaskazini. Milima ya Virunga ilipoinuka ikaziba njia kama ukuta, maji yakapanda, mpaka yakapata mlango wa kusini kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika.

Tofauti nyingine ni gesi. Chini ya Kivu kuna gesi nyingi iliyofungwa ndani ya maji, na nchi kavu karibu na Goma kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotulia mabondeni na kuua mbuzi na hata watu. Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza la Bibi: "Huko hakuna mazuku?" Tulipofika, mjukuu alimuuliza askari wa hifadhi kwa Kiingereza. Jibu: hapa ukingoni hatari hiyo haipo. Mlima haujafa kabisa, na wataalamu wanaupima, lakini mara ya mwisho kutoa moto ilikuwa miaka kama 4,800 iliyopita.

Waliokuwa hapa kabla

Mlima ulipolipuka, watu walikuwa tayari wanaishi katika nchi hii. Mwaka 1938, katika pango la Fort Rock, watafiti walichimba wakakuta ndara za kusukwa kwa magome ya vichaka, zimelala chini ya majivu ya Mazama. Maana yake kuna mtu aliyezivaa kabla mlima haujapasuka.

Watu wa kabila la Klamath, ambao wako mpaka leo, wamepokezana habari ya siku ile kwa vizazi vingi. Wanasema Llao, mkuu wa ulimwengu wa chini, alipigana na Skell, mkuu wa ulimwengu wa juu, mpaka mlima ukaanguka. Kwao ziwa hili ni mahali patakatifu. Bibi aliposikia hayo alisema neno moja: "Kumbe nao walikimbia." Kisha akasema, "Nitakwenda."

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kutoka Portland ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari. Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa ya lazima:

1. Kibali cha darasa la nne. Mpango unaitwa Every Kid Outdoors. Mtoto anajibu maswali machache kwenye tovuti, anapata karatasi. Ichapishe. Karatasi hiyo huingiza wote walio kwenye gari lenu, na hufanya kazi kuanzia Septemba ya darasa la nne mpaka mwisho wa Agosti inayofuata.

2. Wakati. Theluji huanguka zaidi ya mita 10 kwa mwaka. Barabara ya kuzunguka ziwa, yenye kilomita 53, kwa kawaida hufunguliwa yote mwezi wa saba na kufungwa theluji inaporudi. Soma tovuti ya hifadhi siku moja kabla.

3. Mafuta na simu. Jaza tangi kabla ya kupanda mlima. Simu hupoteza mtandao, kwa hiyo pakua ramani mapema.

4. Nguo. Ukingo uko juu zaidi ya mita 2,000. Hata mwezi wa saba asubuhi ni baridi. Beba sweta, kofia na maji ya kunywa.

5. Chakula. Pika nyumbani. Sisi tulibeba wali, maharage na sambaza za kukaanga, tukala kwenye meza za hifadhi. Takataka zote turudi nazo au tutie kwenye mapipa. Usiwalishe wanyama wadogo hata wakikuomba kwa macho.

Ukiwa ukingoni

Ukingo ni hatari kuliko maji. Udongo wake ni mwepesi, unabomoka, na chini ni mamia ya mita. Shika mkono wa mtoto, baki ndani ya uzio. Ukiona kibao cha *Stay on Trail*, kinasema usitoke njiani. Mahali pa kushuka mpaka majini ni pamoja tu, njia ya Cleetwood Cove, nayo hufungwa kwa theluji au matengenezo. Hakuna kushuka kwingine kunakoruhusiwa. Maji yenyewe ni baridi kali, hata anayejua kuogelea hukakamaa.

Askari wa hifadhi huvaa sare na kofia pana. Baadhi yetu tukiona sare moyo unaruka. Wengi wao kazi yao ni kueleza na kusaidia, kwa hiyo mwulize bila woga. Watoto wanaweza kuomba kitabu cha *Junior Ranger*: wakimaliza kazi zake wanaapa kulinda hifadhi na kupewa beji.

Usichukue kitu. Bibi aliokota jiwe jepesi lenye matundu, lile tunalosugulia visigino, akalitia kwenye mkoba. Binti yetu alimwambia kwa adabu, "Bibi, hapa sheria inasema jiwe libaki." Akalirudisha, lakini kwanza akawakalisha wajukuu akawaonyesha: matundu haya ni hewa iliyokuwa ndani ya moto, jiwe likapoa kabla hewa haijatoka yote. Akawaeleza lava inavyonguruma, inavyonuka, jinsi nyumba za Goma zinavyojengwa juu ya jiwe lile lile lililobomoa za kwanza.

Katika nchi hii watoto wetu hutufundisha kila kitu: simu, basi, barua za shule. Siku ile mwalimu alikuwa Bibi. Wajukuu hawakuwahi kumuuliza maswali mengi hivyo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Kwa nini maji ya Crater Lake ni safi hivyo?
- Kivu na Crater Lake vinatofautiana kwa mambo gani mawili?
- Ndara za Fort Rock zinatufundisha nini kuhusu nchi hii?
- Muulize mzee wa nyumbani: ni mlima, mto au ziwa gani analolijua kuliko kitabu? Mtoto aandike jibu, alisome mbele ya familia.