Kioo Kipitishacho Umeme

Kioo hupitisha nuru, lakini umeme haupiti ndani yake. Shaba hupitisha umeme, lakini nuru haipiti. Je, chaweza kupatikana kitu kimoja kinachopitisha vyote viwili?

Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, marubani waliruka juu sana, penye baridi kali, na barafu ikaganda juu ya vioo vya ndege zao. Rubani asiyeona mbele yu karibu na kufa. Basi mafundi walikipaka kioo utando mwembamba wa oksidi ya bati. Umeme ulipopita katika utando ule, kioo kilipata moto, barafu ikayeyuka, wala macho ya rubani hayakuzuiliwa.

Siku hizi utando utumikao zaidi ni oksidi ya indiamu iliyotiwa bati kidogo. Unywele mmoja ni mnene kuupita mara mia kadhaa. Indiamu ilivumbuliwa huko Freiberg, Ujerumani, mwaka 1863, na Ferdinand Reich pamoja na Theodor Richter. Ajabu ni kwamba Reich hakuweza kupambanua rangi, akamwomba mwenzake amtazamie. Richter akaona mstari wa rangi ya nili, na jina la madini likatoka katika rangi hiyo.

Sasa fikiri juu ya ngoma. Ikipigwa polepole, wachezaji huifuata. Ikipigwa upesi kupita kiasi, miguu yao haiwezi. Ndani ya utando mna elektroni, yaani chembe ndogo sana zichukuazo umeme. Ni nyingi za kutosha kupitisha umeme, lakini ni chache kuliko zile za shaba. Mawimbi ya joto hutikisika polepole kuliko ya nuru. Elektroni huyafuata na kuyarudisha yalikotoka. Mawimbi ya nuru huzishinda kwa wepesi, yakapita. Kwa hiyo utando huo waonyesha nuru na kuzuia joto.

Ukigusa kioo cha simu, kidole chako hugeuza kidogo umeme ulio katika utando wa namna hiyo, na simu hujua mahali ulipogusa.

Lakini indiamu ni haba. Nyingi hupatikana katika mabaki ya kusafisha zinki. Kwa hiyo wataalamu wanajaribu oksidi ya zinki yenyewe, iliyotiwa alumini kidogo. Nayo ndiyo ule unga mweupe utiwao katika dawa za ngozi.