Jua Haki Zako: Ukiombwa Kusimulia Ajali Yako Mbele ya Kamera

Mtu akitaka kutengeneza filamu kuhusu ajali za barabara ya Eldoret kwenda Kitale, hana kazi kubwa ya kutafuta watu. Atashuka Matunda, aulize stejini ni nani aliyevunjika mguu mwaka huu, na chai haitakuwa imepoa kabla hajaonyeshwa boma la mtu. Ukarimu huo ndio unaotuingiza kwenye makosa, na wanaokosea si watu wabaya: ni muuguzi, mzee wa kijiji, mwenyekiti wa boda boda.

Njia halali ni hii: nambari ya mpiga filamu ndiyo itembee, ya majeruhi ibaki kwake. Chifu anaweza kutangaza barazani, mchungaji kanisani, na muuguzi anaweza kuwapa wagonjwa wa kliniki karatasi yenye nambari ya kupiga. Anayetaka kusimulia atapiga. Asiyetaka atawashia jiko karatasi hiyo. Lakini muuguzi akifungua rejista akasoma majina, amekiuka kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya 2017. Hata habari kwamba ulilazwa ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inaiweka hali ya afya yako kati ya data nyeti, na ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu.

Mgeni akifika kwako akiwa ameandamana na chifu, je? Idhini ni lazima itolewe kwa hiari, na nani humkatalia chifu aliyekwisha kuketi sebuleni? Omba siku mbili za kufikiria.

Siku ya kutia sahihi, usikubali fomu yenye mstari mmoja wa “naruhusu kutumiwa kwa picha zangu”. Itake kwa lugha unayoielewa, na kila jambo lijitegemee: jina, uso, sauti, kovu, nyumba, watoto. Unaweza kutoa sauti ukakataza uso. Ila kuziba uso peke yake hakufichi mtu huku kwetu. Lango la buluu, pikipiki yenye nambari yake na mnara wa kanisa nyuma ya shamba la mahindi vikionekana, Matunda nzima itajua ni nani anayezungumza. Ikiwa unataka kufichwa, rekodiwa kwingine.

Ulichokubali unaweza kukifuta wakati wowote, na anayepaswa kuthibitisha kwamba ulikubali ni mtengenezaji, si wewe. Hata hivyo, kujiondoa hakuharamishi yaliyofanywa kabla yake, kwa hiyo iandikwe kwenye fomu filamu itaonyeshwa wapi na utaondolewa vipi ukibadili nia kabla haijatoka. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayekubali, na hata hapo maslahi ya mtoto yanatangulia. Sheria ya Data inawapa wanahabari na wasanii nafuu fulani pale jambo linapokuwa na manufaa kwa umma. Nafuu hiyo si ruhusa ya kuingia wodini na kamera.

Kurudishiwa nauli na kufidiwa kibarua cha siku ni jambo la haki. Pesa zinazoongezwa ili ulie zaidi, mimi ningezikataa.

Kama unadai fidia kortini, au bado umo ndani ya miaka mitatu ya kufungua kesi, zungumza na wakili wako kwanza. Ukisema kwenye filamu kwamba hukuona gari likija, wakili wa kampuni ya bima anaweza kukuuliza maneno hayo kizimbani. Ukimtaja dereva kuwa mlevi bila ushahidi, yeye naye anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina.

Ukirekodiwa au kuonyeshwa bila idhini, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaipa siku 90 kuyakamilisha. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Aliyekosewa anaweza pia kudai fidia yake mwenyewe. Hifadhi nakala ya fomu, ujumbe wa simu mlioandikiana, na jina la aliyekupigia mara ya kwanza, kisha umuulize nambari yako aliipata wapi.