SOMO LETU: Wakitaka Kuinunua Tena Gari Bovu



Mwezi huu tujifunze jambo linaloweza kukipata kikundi chochote kinachoingia biashara ya usafiri. Tuchukue mfano. Kina mama wa Tononoka wamenunua tuktuk mpya kwa Sh 480,000, ya kubeba mboga kutoka Kongowea. Giaboksi inasumbua. Mara nne imepelekwa gereji ya muuzaji, na mara nne imerudi vile vile. Mwezi wa tano wanaambiwa: "Irudisheni, tutawapa Sh 300,000." Je, wakubali?

Tusijibu haraka. Bei hiyo wameipanga wao, sisi hatukuulizwa.

Haki yetu ni ipi? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) nayo inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Kwa hivyo tumshike kwanza aliyetuuzia, asitusukumie kiwanda. Lakini tahadhari: ukikaa kimya ukiendelea kuitumia, unaweza kupoteza haki ya kuirudisha, ukabaki na ya kudai fidia tu.

Tufanye nini?

1. Tukusanye risiti, waranti na karatasi za gereji za kila safari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Fundi mwingine, asiye wa muuzaji, aikague na aandike ripoti yenye sahihi na tarehe.

3. Tupige hesabu yetu. Bei Sh 480,000. Matengenezo tuliyolipa Sh 22,000. Siku 30 za kulala gereji, kila siku Sh 800, ni Sh 24,000. Jumla Sh 526,000. Tukiwa waungwana tutoe Sh 40,000 kwa kazi iliyofanya. Inabaki Sh 486,000. Wao watuonyeshe zile 300,000 wamezipataje.

4. Tuandike barua, tuwape siku 14 za kujibu. Nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya simu hayana ushahidi.

5. Wakikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, hailazimishi kuwa na wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60.

Kabla ya kutia sahihi, tutafute maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukiyatilia sahihi, mlango wa kudai zaidi umejifungia mwenyewe. Tena tuulize: mkopo wetu unabaki kiasi gani? Kikundi kikidaiwa Sh 350,000 na kikapokea Sh 300,000, tuktuk imekwenda na deni limebaki kwa kina mama. Uamuzi huo usifanywe na mwenyekiti peke yake. Usomwe mbele ya wanachama wote, uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Maswali ya kujadiliana:

- Logibuku ya chombo chetu ina jina la nani?
- Risiti zetu anaziweka nani, na wapi?
- Kiasi gani tunaweza kukubali bila kumwacha mwanachama na deni?