Rubani wa Roboti ya Chini ya Maji: Haki za Kijana wa Onduparaka Kabla ya Kulipa na Kusaini

Onduparaka, huko Arua, inafahamika Uganda nzima kwa mpira wa miguu tangu timu yake ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2016. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Lakini matangazo ya kazi za baharini hayasubiri basi. Yanaingia moja kwa moja kwenye simu za vijana wa Arua na Koboko: rubani wa roboti ya chini ya maji anatakiwa, mshahara ni wa dola, mafunzo ni ya wiki chache, ada itumwe kwa simu leo kabla nafasi hazijajaa.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, kijana huyo ana haki za kutosha. Nyingi kati ya hizo zina nguvu zaidi pesa ikiwa bado mfukoni na kalamu ikiwa bado mezani.

Kazi ipo kweli

Kwenye mikataba kazi hii huandikwa kwa herufi tatu tu, ROV. ROV ni chombo kisicho na mtu ndani, chenye taa, kamera na mikono ya chuma, kinachoshushwa majini kikiwa kimefungwa kwenye kebo ndefu inayobeba umeme na picha. Rubani hukaa juu melini, mara nyingi ndani ya kontena lililofungwa kwenye sitaha, macho kwenye skrini na vidole kwenye kirungu cha kuongozea. Tarehe 22 Juni 2023, roboti ya namna hii iitwayo Odysseus 6K ndiyo iliyokuta mabaki ya nyambizi ndogo ya Titan karibu na Titanic, kwenye kina cha mita 3,800 hivi, mahali ambapo hakuna mpiga mbizi anayeweza kufika.

Afrika Mashariki nayo ina kazi za aina hiyo. Mei 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikasuasua Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kwa wakati mmoja. Meli zinazotengeneza nyaya kama hizo hubeba roboti. Kaskazini mwa Msumbiji, mradi wa gesi wa Coral Sul, uliosafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022, unachota gesi kwenye maji yenye kina cha mita 2,000 hivi. Hata mabwawa ya umeme huweza kukaguliwa kwa roboti ndogo badala ya kushusha mtu.

Anayedhani kazi ni kukaa kwenye kiti na kuongoza tu atashangaa. Sehemu kubwa ya zamu huenda kwenye matengenezo: kufungua kiunganishi kilichoingiwa na maji ya chumvi, kubadilisha mpira wa haidroliki unaovuja, kukata ncha ya kebo iliyochoka na kuiunga upya waya kwa waya. Ndiyo maana mwajiri wa kweli huuliza kwanza cheti cha umeme, elektroniki au makanika. Fundi wa simu wa sokoni Arua, akiwa na cheti cha ufundi, yuko mbele zaidi kwenye safari hiyo kuliko mwenye karatasi ya kozi ya wiki mbili peke yake.

Mtu wa nchi isiyo na pwani ana haki gani baharini?

Anayo, na imeandikwa. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kufanya taaluma yake na kazi yoyote halali, pamoja na mazingira salama ya kazi na malipo sawa kwa kazi sawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa jinsia, rangi, dini, asili, ulemavu au hali ya VVU. Kwa hiyo binti anayeambiwa kwamba melini hakuna nafasi ya wanawake anaambiwa jambo ambalo sheria ya Uganda hailikubali.

Nje ya mipaka, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Uhuru huo una masharti. Kibali cha kazi bado kinahitajika, na Tanzania ilifungua milango kwa fani ilizoziorodhesha tu. Anayemwahidi kijana kazi Mtwara au Mombasa bila kutaja kibali anamficha jambo.

Mkimbizi kutoka Sudan Kusini au Kongo anayeishi Rhino Camp, Imvepi au Lobule naye hajaachwa nje. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kutafuta ajira na kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi.

Shule na ada yake

Hakuna leseni ya kimataifa ya serikali inayomfanya mtu kuwa rubani wa roboti kama ilivyo leseni ya udereva. Chama cha wakandarasi wa baharini, IMCA, kimeandika miongozo ya ujuzi na madaraja ya marubani, na makampuni mengi huifuata, lakini chama hicho si wakala wa ajira. Shule inayosema cheti chake ni tiketi ya moja kwa moja ya kupata kazi inauza kitu isichokimiliki. Kinachodaiwa mara kwa mara kabla ya mtu kupanda meli ni vitu viwili: cheti cha afya cha mfanyakazi wa baharini na kozi ya kuokoka baharini, ambayo ndani yake mwanafunzi hujifunza kutoka kwenye helikopta iliyopinduka majini.

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 ina kifungu kinachomfaa sana mzazi anayeuza ng'ombe kulipa karo. Mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, lazima uwe wa maandishi. Basi aombe karatasi inayotaja jina la shule lililosajiliwa, muda wa kozi, vifaa vitakavyotumika, cheti kitakachotolewa, na utaratibu wa kurudishiwa pesa kozi isipofanyika. Shule ikikataa kuandika, imeshajibu.

Mkataba uliopatikana kwa ulaghai unaweza kuvunjwa na aliyelaghaiwa. Kuchukua pesa za mtu kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na mlalamikaji anaweza kwenda polisi. Kwa deni lisilozidi shilingi milioni 10 upo pia utaratibu wa madai madogo, ambao hauhitaji wakili. Mdai huanza kwa barua ya kudai pesa yake, na mdaiwa akikaa kimya, karani wa mahakama huelekeza fomu ya kujaza.

Wakala wa ajira

Nchini Uganda hakuna mtu anayeruhusiwa kuendesha biashara ya kupeleka watu kazini nje ya nchi bila leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kanuni zinazosimamia jambo hili zilitolewa upya mwaka 2021, na wizara ina mfumo wa mtandaoni wa kusimamia ajira za nje. Kijana ana haki ya kuuliza namba ya leseni, kuihakiki wizarani au kwa afisa wa kazi wa wilaya, na kuona kama kazi yenyewe imepitishwa. Leseni iliyobandikwa ukutani inaweza kuwa imekwisha muda, kwa hiyo tarehe isomwe pia.

Kwa kazi za melini kuna kinga nyingine. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaojulikana kwa herufi MLC, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anayoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni gharama ya mwenye meli. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019.

Pasipoti ni mali inayokaa kwa mwenyewe. Wakala anayeishikilia ili kumlazimisha mtu kukubali kazi anaweza kujikuta chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009, ambayo adhabu ya kosa lake kuu hufikia miaka 15 jela.

Kalamu ikifika mkononi

Swali la kwanza: mwajiri ni nani hasa? Mara nyingi meli ni ya kampuni moja, roboti ni ya nyingine, na iliyomchukua kijana ni ya tatu. Jina lililo kwenye mkataba ndilo litakaloshtakiwa pesa isipolipwa. Bendera ya meli nayo iandikwe, maana sheria za nchi ya bendera ndizo zinazotawala sitaha.

Swali la pili: je, yeye ni mwajiriwa au mkandarasi binafsi? Marubani wengi hulipwa kwa siku walizokaa melini, na wiki za nyumbani hazina malipo. Hilo si kosa likiwa limeelezwa. Tatizo ni pale anayesaini kama mkandarasi anapogundua, akiwa ameumia, kwamba bima ilipaswa kuwa yake mwenyewe.

Swali la tatu: mkataba unamtambua kama baharia? Chini ya MLC baharia hupata angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Hupata likizo isiyopungua siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi, na hurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli mkataba ukiisha. Akitelekezwa, ipo dhamana ya kifedha inayofunika hadi miezi minne ya mishahara isiyolipwa. Baadhi ya makampuni huwaweka marubani wa roboti kwenye kundi la mafundi wa pekee, nje ya ubaharia. Kwa hiyo neno hilo litafutwe ndani ya karatasi, na lisipokuwepo, haki zilezile ziandikwe kifungu kwa kifungu.

Akiajiriwa ndani ya Uganda, tuseme na kampuni ya kukagua mabwawa, sheria inamtaka mwajiri ampe masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, ila wakikubaliana kuuongeza. Akiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamlinda hata kama kulikuwa na uzembe wake, mradi amjulishe mwajiri ndani ya mwezi mmoja.

Mambo yakiharibika

Mlango wa kwanza ni wa afisa wa kazi wa wilaya au jiji, na malalamiko kwake hayahitaji wakili. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi Arua. Aliyekwama melini Mombasa anaweza kumtafuta mkaguzi wa shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, ambaye huwasaidia mabaharia bure. Risiti za pesa zilizotumwa kwa simu, picha za tangazo na ujumbe wa sauti wa wakala vyote ni ushahidi, kwa hiyo visifutwe.

Aliyefukuzwa kazi isivyo haki nchini Uganda asikae nyumbani akingoja kuitwa tena. Anatakiwa kupeleka malalamiko yake kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyofukuzwa.