SOMO: PANYA ANAYEUMA NA KUPULIZA



Kila mwaka mahindi yakivunwa hapa Uasin Gishu, magunia huingia nyumbani na panya hufuata nyuma. Wengine wetu tunalala chumba kimoja na magunia kwa kuogopa wezi. Kwa hiyo leo tusome juu ya jambo tunalolidharau, kuumwa na panya.

Watu husema panya huuma na kupuliza, ndiyo maana aliyelala hasikii. Kama anapuliza kweli mimi sijui, lakini ugonjwa wake una tabia hiyo hiyo. Panya hubeba bakteria kinywani na puani, na yeye mwenyewe haugui.

Tuseme mtoto amelala bila kunawa, vidole vinanuka chakula. Asubuhi mama anaona alama ndogo kidoleni. Anaifuta, basi, yamekwisha. Baada ya siku tatu hadi kumi, pengine hata wiki tatu, kidonda kimeshapona. Ndipo mtoto anashikwa na baridi, homa kali, kichwa, kutapika. Kila mtu anasema ni malaria, ananunuliwa vidonge dukani. Lakini viungo vinaanza kuuma, na vipele vinatokea mikononi na miguuni, hata kwenye viganja na nyayo.

Hiyo inaweza kuwa homa ya kuumwa na panya. Dawa ya malaria haiiwezi. Isipotibiwa inaweza kufika kwenye moyo, na karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hufa. Lakini penisilini, dawa ya siku nyingi, inaiponya. Mwaka 1992 jarida la East African Medical Journal lilieleza habari za Mkenya aliyeugua homa hii, kwa hiyo si ugonjwa wa nchi za mbali tu. Ni vile hautambuliwi kwa urahisi. Ukifika zahanati, au hata hospitali kubwa ya Moi pale Eldoret, usingoje kuulizwa. Sema: "Huyu aliumwa na panya, tarehe fulani."

Mtu akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Usipake majivu wala grisi. Mpeleke zahanati, na uliza pia habari ya sindano ya pepopunda.

Jamani, hata bila kuumwa unaweza kuugua. Mwaka 1926 watu wa mji wa Haverhill, Marekani, waliipata homa hii kwa kunywa maziwa yaliyochafuliwa. Sisi watu wa mursik tuchemshe maziwa kabla ya kuyatia kwenye kibuyu, na kibuyu kifunikwe vizuri.

Dawa ya panya ya madukani inaua pia kuku na paka, na watoto wanaweza kuila. Ghala zuri ni bora. Liwe juu ya miguu, kama mita moja kutoka chini, na kila mguu uvikwe bati lililopanuka kama mwavuli ili panya ashindwe kupanda. Kata matawi yanayogusa paa. Ukikuta panya amekufa, usimshike kwa mkono mtupu. Na watoto wanaowinda panya shambani, waambieni.

Ya kuzungumza kikundini: Ni nyumba ngapi kati yetu watu wanalala pamoja na mahindi? Je, fedha za kikundi zinaweza kununua mabati ya ghala la nani kwanza?